Bastola ndogo ya mufuko: watu wanaipenda kwa nini, na sisi tunaikumbuka namna gani

Katika kijitabu kama hiki mutu anangojea kusoma juu ya ngoma, mahari, majina ya mapacha ao namna wazee walivyokuwa wakifua chuma. Safari hii tunaleta kitu ambacho wengine watashangaa kukikuta hapa: bastola ndogo ya zamani, ile inayoingia katika mufuko wa koti. Tunaileta kwa sababu nayo imekuwa desturi. Iko na muji wake, wafuaji wake, wapenzi wake na hadisi zake. Na hadisi moja katika zile iliandikwa kwetu Katanga, kwa damu.

Wazee wetu wanakumbuka muzungu wa zamani, agent territorial, alivyotembea na kofia yake, fimbo yake, na kitu kidogo kwenye mukaba. Wengi hawakukiona kikipiga hata siku moja. Lakini walijua kama kiko pale, na kujua tu kulitosha. Sasa, siku hizi, huko Ulaya na Marekani kuna watu wasio askari wala wanyanganyi, walimu, madaktari, watu wa pensheni, ambao wanatoa feza nzuri kwa kununua kitu kile kile. Wanakifungia ndani ya sanduku, jioni wanakitoa, wanakipangusa mafuta, wanakiangalia, wanakirudisha. Sisi tuliuliza: wanaona nini mule?

Tunataka kujibu swali lile kwa haki, bila kuwacheka. Upendo wao uko na sababu za kweli. Lakini silaha iko na historia mbili: historia ya mukono uliyoitengeneza, na historia ya mutu aliyesimama mbele yake. Anayesoma moja tu amesoma nusu ya kitabu.

1. Muji wa wafuaji

Tuanze Ubelgiji, katika muji wa Liège, kando ya muto Meuse. Watu wa kule walifua silaha kwa karne nyingi. Hawakuwa na kiwanda kikubwa mwanzoni. Kila mutu alifanya kazi nyumbani kwake: mumoja mututu, mwingine mushikio wa mbao, mwingine kufuli ya kuwashia baruti, mwingine kuchora maua juu ya chuma. Baba alifundisha mutoto, mutoto alifundisha mujukuu. Mutu wa kwetu anaelewa hii bila kufasiriwa, maana ufuaji kwa wazee wetu nao ulikuwa kazi ya ukoo.

Tangu 1672 muji ule ulikuwa na nyumba ya kujaribu silaha. Mututu ulipakiwa baruti kupita kipimo cha kawaida, ukapigwa. Ukivumilia, ulipewa alama. Katika alama zile kuna Perron, ile nguzo ya mawe inayosimama katikati ya Liège kuwa ishara ya uhuru wa muji, na kuna herufi ELG ndani ya yai lenye taji. Muweke hii katika kichwa, tutairudilia.

Katika 1889 wafuaji wakubwa waliungana kwa kuanzisha kiwanda kule Herstal, karibu na Liège. Kiliitwa Fabrique Nationale, ao FN tu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza bunduki 150,000 za namna ya Mauser kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Kazi ile ilipoelekea mwisho, kiwanda kilikuwa na mashini nyingi na mikono mingi, lakini kilikosa kitu kipya cha kutengeneza.

2. Mumarekani wa Utah

Kitu kipya kilitoka mbali. John Moses Browning alizaliwa katika 1855 huko Ogden, Utah, Marekani, mutoto wa mufuaji wa bunduki. Alikuwa mutu wa kubuni. Katika 1897 mutumishi wa FN alikutana naye, mapatano yakatiwa sahihi, na kiwanda cha Herstal kikapata haki ya kutengeneza bastola aliyobuni. Ilitoka kwa jina la Modèle 1900, na jeshi la Ubelgiji likaichukua kwa maofisa wake.

Mbele ya pale, mutu aliyetaka silaha ya mukono alibeba zaidi revolva, ile yenye tumbo la kuzunguka. Tumbo lile linavimbisha mufuko. Browning aliondoa tumbo, akapanga masasi saba moja juu ya ingine ndani ya mushikio wenyewe. Kila sasi likipigwa, nguvu yake yenyewe inasukuma chuma cha juu kinyume, inatupa ganda, na inaingiza sasi ingine. Bastola ikawa bapa kama kitabu cha misa. Na sasi lake, lile la milimita 7.65, likaenea mu dunia muzima, hata viwanda vya inchi zingine vikatengeneza bastola kwa kufuata kipimo chake.

Nyuma ya ile ilifuata ndogo zaidi, ya 1906, ya milimita 6.35. Urefu wake ni karibu sentimita 11 tu, na mutu anaweza kuifunika kwa kiganja. Kisha ikaja ya 1910, ya sentimita 15 hivi na uzito wa karibu gramu 600. Mbele ya vita ya 1914, Herstal ilikuwa imekwisha kutoa bastola za Browning milioni moja. Katika Kifaransa jina la mutu likageuka jina la kitu: watu walisema «un browning», sawa vile sisi tunavyoita kitu kwa jina la kiwanda chake. Browning mwenyewe alikufa ku kazi, ndani ya kiwanda cha Herstal, tarehe 26 Novemba 1926.

3. Wapenzi wanapenda nini

Sasa tuingie katika swali. Tulisoma maandishi yao na tulisikiliza ndugu zetu walioishi Ulaya na kuzoea watu wa namna ile. Tunaona sababu tatu.

Ya kwanza ni ufundi. Mutengeneze kitu kikubwa, iko na nafasi ya kuficha makosa. Mutengeneze kitu kidogo, kosa la unywele linaonekana. Katika ile ya 1910, Browning alizungusha resori juu ya mututu wenyewe, namna mutu anavyozungusha waya juu ya fimbo. Kwa hiyo chuma cha juu kikawa chembamba na laini. Haina nyundo inje, hakuna pembe inayokamata kitambaa mufuko ukivutwa. Mupenzi anaifungua mikononi, vipande vinakaa mezani vichache, anavirudisha na vinaingia bila kulazimishwa. Furaha yake ni ile ya fundi wa saa, ao ya mama anayekunja kitenge na kukuta pembe zote zimekutana.

Ya pili ni kusoma alama. Tulisema muweke Perron katika kichwa. Kwa mupenzi, bastola ya Liège ni kama barua. Nyota yenye herufi chini yake inamwambia ni mukaguzi gani aliyeipokea. Tangu 1922 kuna pia herufi ndogo inayoonyesha mwaka. Namba ya kiwanda inamwambia kundi gani lilitoka pamoja. Mutu anaweza kukaa usiku muzima na kioo cha kukuzia kwa kujua kama mbao za mushikio ndizo zilizotoka na bastola Herstal, ao ziliwekwa nyuma. Ni kazi ya mwana-historia, hata kama yeye mwenyewe hajiite hivi.

Ya tatu ni hadisi. Hapa mufano mumoja unatosha. Mwandishi Mwingereza Ian Fleming, katika vitabu vyake juu ya mupelelezi James Bond, alimupa mutu wake Beretta ndogo ya 6.35. Katika 1956 mupenzi wa silaha wa Scotland, Geoffrey Boothroyd, alimuandikia barua kumwambia kama ile inafaa bibi, haifai mupelelezi. Fleming hakukasirika. Katika kitabu cha 1958, Dr. No, alimunyanganya Bond Beretta yake na kumupa Walther PPK, bastola ya Wajeremani ya 1931, inayopiga lile lile sasi la 7.65 la Browning. Na akamuingiza mule Boothroyd kwa jina lake, kuwa fundi wa silaha wa serikali. Ndiyo maana watu ambao hawajashika bastola hata mara moja wanajua jina la PPK. Walilijua katika sinema.

Tuseme pia kitu ambacho wapenzi wenyewe hawasemi kwa sauti. Kitu kidogo chenye nguvu kubwa kinavuta moyo wa mutu. Bunduki ndefu ni ya jeshi, ya uwindaji, inabebwa mbele ya watu. Bastola ya mufuko ni siri ya mutu mumoja. Anayeishika anajisikia mukubwa kidogo kuliko alivyo. Tusijidanganye kama sisi hatungesikia vile.

4. Gramu 600 za chuma

Historia ya pili inaanza hapa. Silaha inayofichika ilifaa mutembezi aliyeogopa wezi, lakini ilifaa pia mutu aliyetaka kukaribia mukubwa wa serikali.

Tarehe 16 Juni 1904, katika Helsinki, kijana Eugen Schauman alimupiga Gavana Bobrikov, aliyetawala Finlandi kwa jina la mufalme wa Urusi, kisha akajiua. Silaha yake ilikuwa FN ya 1900. Tarehe 26 Oktoba 1909, katika kituo cha treni cha Harbin, Mukorea An Jung-geun alimuua Ito Hirobumi, mukubwa wa Japani aliyekuwa ameitawala Korea. Silaha ilikuwa tena FN ya 1900. Katika inchi zao watu wale wawili wanahesabiwa na wengi kuwa mashujaa. Wajapani wengi na Warusi wa wakati ule waliwaita wauaji. Bastola haikuchagua, ilikwenda na yule aliyeishika.

Kisha tarehe 28 Juni 1914, katika Sarajevo, Gavrilo Princip alipiga mara mbili na kuua mutoto wa ufalme wa Austria, Franz Ferdinand, pamoja na bibi yake Sophie. Kwa muda murefu vitabu viliandika kama ilikuwa ile ya 1900. Kumbe ilikuwa ya 1910, namba 19074. Ilikaa miaka mingi mikononi mwa Wajezuiti wa Austria, na katika 2004 ikapelekwa katika nyumba ya makumbusho ya jeshi, Vienna. Hapa tunapashwa kuwashukuru wasomaji wa namba, maana namba ndiyo iliyosahihisha vitabu.

Hatusemi kama bastola ilileta vita. Sababu zilikuwa nyingi na za zamani. Lakini muangalie njia ya kitu kile. Kilifuliwa Herstal, kikapiga Sarajevo mwezi wa sita, na mwezi wa nane jeshi la Wajeremani likaingia Ubelgiji na kushambulia kwanza Liège, muji wa wafuaji wale wale. Vita ikafika mupaka kwetu. Askari wa Force Publique walitembea mupaka Tabora, wakaingia muji ule tarehe 19 Septemba 1916, na nyuma yao walitembea wabebaji wa mizigo maelfu kwa maelfu. Wengi hawakurudi. Katika jamaa zetu kuna majina ya wababu ambayo yanaishia njiani kule. Katika masanduku ya wapenzi wa bastola, majina yale hayako.

5. Bunkeya

Tunafika nyumbani. Tarehe 2 Julai 1890, katika Brussels, mataifa yalitia sahihi mapatano dhidi ya biashara ya watumwa. Ndani yake walikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, toka digrii 20 kaskazini mupaka 22 kusini. Mwafrika angeweza kuuziwa, kwa masharti, bunduki ya jiwe la moto tu, ile ya kupakia kwa mudomo, ndugu ya ile wengi katika Kongo wanaita pupu. Na bunduki zile za biashara, nyingi zilitoka wapi? Liège. Musafiri muzungu yeye aliweza kuruhusiwa kubeba silaha nzuri kwa kujikinga.

Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri, maana biashara ya watumwa ilikuwa kweli, na bunduki ziliilisha. Msiri mwenyewe, mufalme wa Garenganze, aliyetoka Unyamwezi na kujenga utawala wake kwa shaba, pembe za tembo na watumwa, alinunua bunduki na baruti kwa vitu vile. Hatutafuta hii kwa sababu yeye ni wa kwetu. Lakini tuone pia matokeo: mutu mumoja alibaki na pupu, mwingine na revolva, na mapatano yalikuwa yamekwisha kupanga nani atashinda.

Desemba 1891 msafara wa Kapiteni Stairs ulifika Bunkeya kwa ajili ya Leopold II, kumutaka Msiri akubali bendera. Msiri alikataa. Tarehe 20 Desemba Kapiteni Omer Bodson, Mubelgiji, alitumwa kumukamata. Maneno yakapanda, Bodson akatoa silaha yake ya mukono, akamupiga Msiri, Msiri akafa. Mumoja wa watu wa Msiri akamupiga Bodson, naye akafa vilevile. Katanga ikabadilisha wenyewe. Mizinga haikuhitajika: kitu cha kushika kwa mukono mumoja kilitosha. Wakati ule Browning ilikuwa haijazaliwa bado, lakini desturi ya kubeba kifo kwenye mukaba ilikuwa imekwisha kuingia kwetu, na Browning iliikuta.

Ndiyo maana mupenzi wa Ulaya na mutu wa Bunkeya wakiangalia bastola moja, hawaone kitu kimoja. Mumoja anaona resori na alama za Perron. Mwingine anaona tarehe.

6. Sheria ya 2006

Hata Ubelgiji wenyewe waliamka kwa uchungu. Tarehe 11 Mei 2006, katika Antwerpen, kijana mumoja aliingia dukani, akanunua bunduki ya kuwinda bila magumu, na siku ile ile akapiga watu njiani kwa sababu ya rangi na asili yao. Aliumiza mama wa asili ya Uturuki, akaua mama Mwafrika toka Mali aliyekuwa na mimba, pamoja na mutoto muzungu wa miaka miwili aliyekuwa anamulea. Chini ya mwezi mumoja nyuma yake, tarehe 8 Juni 2006, sheria mupya ya silaha ikatoka. Mwenye kutaka silaha alipashwa kuomba ruhusa na kuonyesha sababu ya haki.

Wapenzi wengi walilalamika. Walisema: sisi tunatunza urisi, kijana yule hakuwa mumoja wetu, na bastola ya baba zetu haijaua mutu. Tunasikia neno lao, na sehemu yake ni kweli. Lakini kumbukumbu yetu inatufundisha kitu kingine: bastola inayokaa kimya si bastola iliyokufa. Kuomba ruhusa, kuandika namba, kufunga sanduku kwa funguo, ile si matusi kwa mupenzi. Ni heshima ndogo kwa mutu anayepita inje.

7. Shoka na baiskeli

Sisi vilevile tunajua kupenda silaha. Muangalie shoka la heshima la Waluba, lenye kichwa cha mwanamuke kwenye mushikio na mistari iliyochorwa juu ya chuma. Halikati kuni. Mukubwa analibeba juu ya bega, na watu wanajua cheo chake. Wazee walichukua chombo cha kukata, wakakigeuza ishara ya madaraka, na ishara ile ilikuwa na masharti: si kila mutu aliibeba. Kumbe mupenzi wa Browning si mugeni sana kwetu. Naye amechukua silaha na kuigeuza pambo. Tofauti ni kama shoka letu linasema mbele ya watu jina la ukoo na la mukubwa, na bastola yake iliyo ndani ya sanduku inasema jina la mutengenezaji tu.

Katika miaka ya 2000, hapa Katanga, nyuma ya vita, shirika la PAREC na watu wa kanisa walikuwa wakitoa baiskeli kwa mutu aliyerudisha bunduki. Wanaume walitoka porini na chuma begani, wakarudi vijijini juu ya magurudumu mawili. Bunduki zile hazikuwa na wapenzi, wala hakuna aliyezisoma namba kwa kioo. Bei yake ilikuwa baiskeli moja, na mwenye baiskeli aliweza kupeleka mihogo sokoni. Tulipofikiri juu ya bastola ndogo zinazouzwa kule kwa feza nyingi, picha ile ya baiskeli ilitujia kila mara.

Basi, tunamaliza kwa ombi, si kwa hukumu. Kwa wapenzi: mupende kazi ya Herstal, inastahili kupendwa, lakini katika daftari ambamo munaandika namba, mwaka na alama, muache mustari mumoja kwa yule aliyesimama mbele yake. Kwa vijana wetu: musiogope kujua vitu hivi. Anayejua bastola ilitoka wapi, nani aliruhusiwa kuibeba na nani alikatazwa, hawezi kudanganywa kama babu yake alishindwa kwa sababu ya ujinga. Na kwa wazee wa Bunkeya, ambao kila mwaka tarehe 20 Desemba wanamukumbuka Msiri: mutuambie tena, na sisi tuandike, mbele hatujabaki na chuma peke yake.